Kiberiti Nyuma ya Kioo

Kila siku asubuhi, kabla hajachemsha chai, Mzee Geresoni aliegemeza kiberiti kwenye kioo cha nyuma cha tangi la samaki. Kisha akazunguka taratibu mpaka upande wa mbele, kidole kimoja kikifuata ukingo wa meza, akainama, mikono magotini, akatazama. Alitazama kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku. Halafu alinyooka na kusema neno moja, bila kumwambia mtu yeyote.

"Bado."

Akazunguka tena, akachukua kiberiti chake, akatoka barazani kuwasha jiko la mkaa. Chai aliichemsha mwenyewe. Baada ya miaka thelathini na mitatu kiwandani, hakumwamini mtu mwingine na majani.

Ikupa, mke wa mwanawe, alikuwa nyuma ya pazia la jikoni akisikiliza. Pazia lile lilikuwa fupi, liliishia shubiri moja kutoka sakafuni, na katika uwazi huo aliona ndala mbili za bluu zikipita, zikisimama, zikirudi. Ndala zilipotoka nje, naye alitoka, akaenda kusimama mbele ya tangi. Maji yalikuwa meupe kama yale yanayooshewa mchele. Mahali fulani humo ndani kulikuwa na samaki sita wa rangi ya dhahabu. Mmoja alikaribia kioo, akawa doa jekundu, akafifia tena, kama mtu anayepita barabarani siku ya ukungu kabla hujawahi kumwamkia.

Miezi mitano Ikupa alikuwa ameishi katika nyumba ile ya Bulyaga, na uso wa baba mkwe wake hakuujua. Alipoondoka kwao Lufingo, mama yake alimweka kitako akamweleza kwamba zamani mkwe wa kike akimwona baba mkwe njiani aliingia migombani mpaka apite, na jina lake hakulitamka hata kwa kukosea. "Siku hizi watu wanakula meza moja, sikatai," mama alisema. "Lakini wewe mwanangu, usimkazie macho usoni. Piga goti, amkia, inama, pita."

Wenzake aliomaliza nao chuo wangeuona huo kuwa mzigo. Ikupa, ambaye tangu utotoni alijificha nyuma ya kitabu wageni wakiingia, aliupokea kama mtu anayepewa shali asubuhi ya Juni. Kumbe kulikuwa na mahali duniani ambapo kuona haya ni adabu. Kwa hiyo alimjua baba mkwe wake kuanzia magotini kwenda chini. Alijua ukucha mmoja mweusi uliobanwa na mtambo. Alijua jinsi mguu wa kulia ulivyotangulia kugusagusa, kuuliza kizingiti kiko wapi, kabla ya kukivuka. Alidhani ni uzee.

Mengine alisimuliwa na mumewe, Lugano, fundi wa barabara aliyekuwa kazini Chunya na kurudi kila mwisho wa mwezi. Baba yake alianza kazi kwa kubeba magunia ya majani mabichi, akaishia kwenye meza ya kuonjea. Hapo vikombe vyeupe hupangwa mstari mrefu, na mwonjaji hupita na kijiko akivuta kila chai kwa kelele, anaizungusha mdomoni, anaitema, anahamia ya pili. Mzee Geresoni aliweza kusema hii ilichumwa baada ya mvua, hii imekaa sana kwenye kikaushio, hii imetoka upande wa kilima unaopata jua la jioni. Na kabla ya yote alihakikisha vikombe vimeoshwa kwa maji ya moto mpaka vinalia. Kikombe chenye mabaki ya jana, alisema, husema uongo.

Alistaafu, na mwaka jana mkewe Tulinagwe alifariki. Nyumba ikawa kimya kiasi kwamba ndizi iking'oka kwenye mkungu uliotundikwa stoo, watu wote wawili waliisikia ikianguka, mmoja sebuleni, mwingine jikoni. Ndipo Lugano alipoleta tangi. Lilikuwa la hoteli moja ya Mbeya iliyofungwa, akalisafirisha likiwa limeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Waliliweka juu ya meza ya cherehani ya marehemu, pale sebule inapoishia na sehemu ya kulia inapoanzia, ili lionekane pande zote mbili. Mchanga mweusi ulitoka kijitoni. Chujio dogo la umeme lilinong'ona mchana kutwa, na mzee alisema linalia kama mto Kiwira ukiusikia kutoka mbali.

Siku ya kwanza maji yalikuwa angavu. Lugano aliuliza, "Baba, unawaonaje?" Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akajibu, "Ni wazuri." Ikupa, jikoni, alisikia jinsi jibu lilivyochelewa, lakini hakulitilia maanani. Lugano akarudi Chunya.

Siku ya tatu wingu likaingia. Halikutoka mahali popote. Lilianza kama pumzi kwenye kioo, na kufikia jioni mawe ya nyuma yalikuwa yamezama ndani yake, kama kilele cha Rungwe kinavyozama kila siku bila mtu kushangaa.

Wa kwanza kulitolea maneno alikuwa Mama Agness, jirani mwenye genge la ndizi, ambaye kuingia kwake ndani ya nyumba kulitanguliwa na sauti yake kwa hatua ishirini.

"Mwagonile, tata! Ee, Mzee Geresoni, hii sasa si nyumba ya samaki. Hii ni togwa. Nilete kikombe?"

"Lete, lakini utalipa."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Wamo. Wamelala."

"Wamelala saa nne? Samaki gani hao, walimu wa likizo?"

Mzee akacheka. "Hata wewe huwaoni?"

"Nani ataona kitu humo!"

"Hata wewe," alirudia mzee, akacheka tena, kicheko kirefu ambacho Ikupa hakuwahi kukisikia katika nyumba ile. Alishangaa kidogo nyuma ya pazia. Mtu gani anafurahi hivyo kwa sababu maji yake yamechafuka?

Mama Agness hakuondoka bila kula, maana katika nyumba ya Mnyakyusa mgeni haondoki mikono mitupu wala tumbo tupu. Na alipokuwa anakula mbalaga, alivunja kipande cha ndizi akakitumbukiza ndani ya tangi. "Nao ni wageni. Mgeni hatazami wenzake wakila." Mchungaji alipokuja, naye alitupia makombo ya mkate. Mzee wa kanisa alitupia wali. Samaki wale wa Mzee Geresoni walikula mara nyingi kwa siku kuliko mfanyakazi yeyote wa mashamba ya chai, na wingu likazidi kuwa zito.

Hapo ndipo mzee alipoanza vita vyake. Asubuhi, kiberiti, "bado", chai, kisha ndoo. Aliwatoa samaki kwa bakuli akipapasa majini, akayamwaga maji yote migombani, akayachemsha mawe, akaisugua sponji ya chujio mpaka ikawa mpya, akajaza upya. Aliliosha tangi kama anayeosha vikombe vya kuonjea. Maji yaling'aa siku moja, ya pili yakavuta pumzi, ya tatu yalikuwa togwa tena.

Ikupa alifanya kile alichokijua. Alisoma. Usiku mmoja na asubuhi iliyofuata alisoma kwenye simu yake kila alichokipata kuhusu matangi mapya, akaandika pembeni mwa daftari kama enzi za mitihani. Wingu lile, alielewa, halikuwa uchafu. Lilikuwa uhai. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vinazaliwa kwa maelfu ndani ya maji mageni, vinakula mabaki ya chakula, vinahangaika kutafuta pa kukaa. Vikiachwa vitashika mawe na sponji, vitatulia, na maji yatafunguka yenyewe. Lakini kila mara mtu akichemsha mawe na kusugua sponji anavifukuza vyote, na kazi inaanza mwanzo. Baba mkwe wake alikuwa anaanza dunia upya kila siku ya tatu.

Angemwambiaje? Hakuwa amewahi kumwuliza hata kama chai yake ina sukari. Alichana karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: *Baba, shikamoo. Maji yana wingu kwa sababu tangi ni jipya. Tuyaache, yatasafika yenyewe. Tusibadilishe yote, na sponji tusiisugue. Tuwalishe mara moja kwa siku, kidogo. Ikupa.* Aliikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la chakula cha samaki, pale ambapo mkono wake ungeikuta.

Asubuhi karatasi haikuwepo. Ndala zilikwenda, zikasimama, zikarudi. "Bado." Halafu akasikia ndoo.

Akaandika nyingine, na nyingine. Ya nne aliiandika kwa herufi kubwa. Zote zilichukuliwa, na ndoo ikaendelea. Siku ile ile ya karatasi ya nne alimkuta samaki mmoja anaelea juu ya maji, ubavu ukiwa umepauka, na siku mbili baadaye mwingine. Aliwazika chini ya mgomba, akarudi jikoni. Hakuwa na hasira. Alihisi tu kwamba huenda maneno ya mkwe, hata yakiwa kwenye karatasi, yanatakiwa kuingia migombani mpaka mwenye nyumba apite.

Na bado alipenda asubuhi zile. Hilo hakulisema kwa mtu. Dakika chache kila siku watu wawili wa nyumba ile walitazama kitu kimoja, yeye akisubiri zamu yake, na maji meupe yakiwa katikati yao, yakinong'ona. Samaki wakiondoka, nyumba itarudi kusikiliza ndizi zikianguka.

Ndiyo maana alijitahidi, akamshika Mama Agness mkono kwenye ua. "Mama, naomba unisaidie kumwambia baba kitu."

"Wewe unaongea!" Mama Agness alishika kiuno. "Nilishaanza kuwaambia watu Lugano ameoa picha. Sema, mwanangu."

Akasema. Mama Agness aliingia sebuleni akaupeleka ujumbe kwa njia yake. "Mkweo anasema uache kuyasumbua hayo maji. Anasema samaki hawaoshwi kila siku kama nguo za ubatizo. Na mimi nimekatazwa kuwalisha, sijui nimekosa nini."

"Amesema lini?"

"Anasema amekuandikia mara nne."

Sauti ya mzee ikashuka. "Aa. Nimezipata."

"Sasa?"

"Sasa tutayaacha. Mwambie ndaga, nashukuru. Lakini mwezi ukiisha, Lugano akija, kama bado ni hivi, Ackson wa Lufingo awachukue akawatie kwenye bwawa lake. Sitaki kuua viumbe wa Mungu kwa kujifurahisha. Hilo tangi tutafugia vifaranga."

Zilibaki siku kumi na mbili. Ndoo ilikaa uani, ikiteka mvua peke yake. Wageni walikula na samaki wakatazama. Umeme ulikatika mara mbili, Ikupa akakaa kando ya tangi akiyakoroga maji kwa mwiko mpya, taratibu, mpaka chujio liliposhtuka na kuanza tena kunong'ona.

Siku ya nne wingu lilizidi, akaogopa. Siku ya sita lilikuwa vilevile. Siku ya saba, akiwa amesimama pale na kikombe mkononi, aliona jiwe. Halikutokea. Lilikuwa hapo tu, kama mtu aliyekaa chumbani muda mrefu na wewe ndiyo kwanza unamwona. Kesho yake aliona mchanga, na juu ya mchanga kivuli cha samaki, halafu samaki mwenyewe, mwekundu wote, na mkia wake mwepesi ukifunguka na kufumba kama mtu anayetaka kusema na anaahirisha. Alisahau ndizi jikoni, zikashika chini.

Siku ya tisa alileta kitabu chake cha chuo, akakisimamisha wazi pale kiberiti kinapoegemezwa, akaja mbele akainama. Alisoma. Herufi zilikuwa zimevimba kidogo, mstari ukitikisika chujio linapopuliza, samaki akipita anafuta neno na kulirudisha. Alisoma ukurasa mzima kupitia maji, na kwa muda ule hakujua kama yuko Bulyaga au ndani ya kitabu au chini ya ziwa, na hakujali. Kesho asubuhi baba ataona.

Kesho asubuhi ndala zilizunguka. Zikasimama. Baba Yetu, mpaka kwenye mkate.

"Bado."

Ikupa alidhani hakusikia vizuri. Siku ya kumi na moja maji yalikuwa kama hakuna maji, samaki wanne wananing'inia hewani. "Bado," alisema mzee, na safari hii alikaa kwenye kochi, na mchana alimpigia Ackson simu. Kesho saa sita, alimwambia, uje na ndoo yenye mfuniko. Lugano alikuwa anafika jioni ya kesho.

Mama Agness alipopita alisimama mlangoni. "Ala! Mbona maji yametakata hivi? Wale pale wanne, wamenona kama wachungaji. Na unataka kuwatoa?"

"Unaniambia tu unifurahishe."

"Nikufurahishe una nini? Hata mama mkwe wangu angewaona hawa kabla hajatolewa mtoto wa jicho. Unajua bendeji ilipofunguliwa aliniambia nini, kitu cha kwanza? 'Kumbe na wewe umezeeka hivi?'"

Mzee hakucheka. "Walimfanyaje?"

"Nani, mama? Aliingia, akatoka. Anasema hakusikia maumivu."

"Na akaona?"

"Aliona mpaka vumbi chini ya kabati langu. Nilijuta."

Ikupa alisikia kikombe kikiwekwa mezani, lakini kwanza kikaigusa meza mara mbili, kikiitafuta.

Alasiri mzee alipokwenda kujilaza, Ikupa alifuta vumbi sebuleni. Kitabu cha nyimbo kilikuwa juu ya redio, kilipokuwa siku zote. Alipokiinua, karatasi nne zikaanguka. Zilikuwa zimekunjwa mara nne kila moja, kona kwa kona, mikunjo ile ile aliyoibana mwenyewe kwa ukucha. Hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa. Zilikuwa zimehifadhiwa mahali pa heshima kuliko pote nyumbani, na hazikusomwa.

Alikaa sakafuni nazo mapajani. Mvua ilianza juu ya bati. Mambo yakamjia moja moja, kama mawe yalivyokuja siku ya saba. Kidole kinachofuata ukingo wa meza. Mguu unaokiuliza kizingiti. Jibu lililochelewa siku ya kwanza, maji yakiwa angavu. Na kile kicheko. Hata wewe huwaoni? Wiki zile za togwa, watu wote walioingia katika nyumba hii walikuwa wanaona kama yeye anavyoona. Wingu lilikuwa la wote. Labda alikuwa ameamini, au ameomba iwe hivyo, kwamba siku maji yatakaposafika, nalo lake litakwenda.

Na yeye, Ikupa, msomaji wa kila kitu, alikuwa ameishi naye miezi mitano na hakumtazama usoni hata mara moja. Ilikuwa adabu. Ilikuwa pia rahisi.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa na ukungu mpaka kwenye madirisha. Alisimama nyuma ya pazia bila viatu. Mlango wa chumba cha mzee ukalia. Ndala zikaja, kiberiti kikagonga kioo kidogo kilipoegemezwa, ndala zikaanza kuzunguka.

Ikupa alifungua pazia. Alikwenda hatua nne, akakiondoa kiberiti, akapiga goti kama alivyofundishwa. Ila hakuinama. Aliuweka uso wake pale pale kilipokuwa kiberiti, karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha alama, na akainua macho.

Kupitia maji aliona kwanza sweta, vifungo vikiwa vimepishana tundu moja. Akaona kidevu, na mvi zilizoachwa na wembe upande wa kushoto. Akaona mdomo wa mwonjaji, mpana, wenye makunyanzi ya kuvuta vikombe vya miaka thelathini na mitatu. Ulikuwa uso wa upole, na kwa sababu fulani hilo lilimshtua. Kisha akaona macho. Yalikuwa yamefunguka kabisa, yanamtazama yeye moja kwa moja, na katikati ya kila jicho, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na wingu lile lile la siku ya tatu.

Mzee alitazama mpaka mwisho wa muda wake.

"Bado," alisema, usoni pake.

Samaki alipita katikati yao, akageuka. Ikupa alihisi haya zake zote, za miaka yote, zikipanda shingoni, na akaziacha zipande.

"Baba," alisema, "unaniona?"

Mzee Geresoni alishtuka. Mkono wake ulitafuta ukingo wa meza, ukaushika. Alikaa hivyo kidogo, kichwa kimeelekea kwenye sauti, kama anayeonja kitu na hataki kukosea.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Naona mwanga, na kitu chekundu kinapita."